Mkufu wa Vifundo

Ni mimi, Kalathoumi, niliyeamuru mkufu wa arusi ya mpwa wangu Hassanati uyeyushwe. Sikutumwa na mtu. Nasema mapema, kwa kuwa hapa Moroni wapo wanaowasingizia wakwe.

Mwaka ule wa 1997 kisiwa jirani cha Nzwani kilikuwa kimejitenga nasi. Askari wetu walikwenda huko wakarudi wamepungua. Bwana arusi alipoleta dhahabu, sisi wanawake tuliizunguka kuikagua, kama ilivyo ada. Mkufu ulikuwa mpana, umejaa chembe ndogondogo zilizopangwa safu safu. Mmoja akauliza, "Hii si shiromani?" Shiromani ni nguo ya madoadoa ya wanawake wa Nzwani. Mpwa wangu asingeivaa Nzwani shingoni siku ya ndoa yake kubwa, si mwaka ule.

Kesho yake nikaupeleka kwa sonara aliyeufua, Combo, mtu wa Mutsamudu huko Nzwani, aliyekuwa na kibanda karibu na soko la Volo Volo. Hakubisha. Alinieleza tu kwamba mama yake, Rahamatou, alikuwa mtia rangi wa shiromani: alifunga vifundo kwa uzi wa ukili, akachovya nguo kwenye rangi nyekundu, na kila fundo lilipofunguliwa liliacha doa jeupe. Palipokuwa na doa, Combo aliweka chembe ya dhahabu. Sasa mama amepofuka. Nguo zake mwenyewe hazioni tena, lakini mkufu huu angeusoma kwa vidole.

"Nipe mwezi mmoja, mama," akasema. "Kuna mtu anakwenda kwetu kwa kupitia Mayotte. Mama yangu aupapase tu, urudi, niuyeyushe."

"Dhahabu ya arusi haivuki bahari," nikamjibu.

Kwetu mwenye dhahabu hukaa mbele ya sonara tangu moto unapowashwa, asije akaibiwa. Nilikaa. Chembe zilitoweka safu baada ya safu, na Combo akapuliza moto bila kuniangalia. Alinifulia mkufu mwingine, laini, uzito uleule. Arusi ilipendeza, nami nililala fofofo.

Miaka minne baadaye, njia zilipofunguka, nilialikwa arusi Mutsamudu, nikaazima mkufu wa Hassanati. Niliona vibaya kufika mji ule nisimsalimu mama wa sonara wetu. Nilimkuta ameketi mkekani. Nilipomwambia natoka Moroni na namjua Combo, aliuliza papo hapo kama nimeuona mkufu.

"Alinipa habari kabla simu hazijakatwa," akasema. "Anafuata vifundo vyangu."

Ningeweza kusema sijui lolote. Lakini nilikwishajibu, kwa ulimi wangu huu usiotulia, kwamba mkufu wa mwanawe ninao shingoni. Akanyoosha mkono. Alipapasa taratibu kutoka bega hadi bega, akarudia. Niliona aibu, na sikuwa na mtu wa kumsingizia.

"Bado hajaanza kufunga vifundo," akasema. "Mwambie asiharakishe. Mimi nipo."

Nikamjibu kwamba nitamwambia.