Ukurasa wa 214

Mimi si mtu wa kununa, lakini wiki ile nilinuna. Mwalimu Nathanaeli, anayefundisha mbinu za utafiti katika chuo chetu cha ufugaji hapa Sakina, alikuwa amenikatalia kwa mara ya tatu. Nilichotaka ni saa mbili kwa wiki tufundishe pamoja: yeye awaonyeshe wanafunzi namna ya kuuliza swali la utafiti, mimi mkutubi niwaonyeshe namna ya kutafuta majibu na kuyahakiki. Ratiba ya muhula ilikuwa inafungwa Ijumaa. Bila saini yake ningebaki kugonga mihuri na kuwaambia watu wazima wanyamaze.

"Dada Kauthar, kutafuta kitabu ni kazi ya dakika tano," aliniambia. "Hao wanajua kusoma."

Wanajua kusoma, haya. Nilirudi maktaba, nikateremsha ripoti za wahitimu wa miaka minne, nikaanza kukagua marejeo yao moja baada ya jingine, hasira ikinisukuma. Karibu wote walikuwa wamenukuu kitabu kimoja kuhusu malisho ya kiangazi. Ripoti thelathini na nane zilitaja ukurasa wa 214. Kitabu hicho kimechapwa mara moja tu, nakala yake tunayo, na kina kurasa 160.

Chanzo nilikipata siku hiyohiyo. Kilikuwa kwenye notsi za Mwalimu mwenyewe, zile ambazo wanafunzi huzitoa kopi kila mwaka.

Nilifurahi, tena furaha mbaya. Alhamisi kulikuwa na kikao cha walimu, na ningeweza kumvua nguo mbele ya mkuu wa chuo. Nikajiuliza ninataka nini hasa, kumwaibisha au zile saa mbili. Kusema kweli nilitaka vyote. Lakini nikishamwaibisha, asingekubali kusimama nami darasani hata siku moja, na wanafunzi wangeendelea kunakiliana. Jumatano asubuhi nikaenda ofisini kwake na kitabu kwapani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba."

Niliweka kitabu na notsi zake mezani, nikamwomba anitafutie ukurasa ule. Alivaa miwani, akapekua hadi mwisho, akarudia tena.

"Hii niliinakili kwenye notsi za mwalimu wangu," alisema hatimaye. "Kitabu chenyewe sijawahi kukifungua."

Akavuta fomu ya ratiba, akasaini bila kunitazama.

Jumatatu, siku ya kipindi chetu cha kwanza, nilidhani angetoa udhuru. Alikuja. Alimpa kitabu Saruni, kijana aliyekaa karibu na mlango, akamwambia asome ukurasa wa 214. Saruni alifunua mpaka jalada la nyuma.

"Mwalimu, haupo."

"Haupo," Mwalimu akasema. "Miaka kumi na moja nimewafundisha watu ukurasa usiokuwepo, kwa sababu sikuangalia. Leo Dada Kauthar atatufundisha sote."

Akaketi dawati la mbele, akafungua daftari. Ile furaha yangu ya wiki iliyopita niliionea aibu.

Nikaanza. Nilisema kila dai lazima liwe na chanzo, kisha nikaandika mfano ubaoni: ng'ombe wa kienyeji hutoa lita mbili za maziwa kwa siku. Kabla sijageuka vizuri, mkono ulikuwa juu. Alikuwa Nice, binti kutoka Nduruma ambaye tangu mwaka wa kwanza sikuwahi kuisikia sauti yake.

"Madam, samahani. Hiyo umeitoa wapi?"

Nilikuwa nimeitoa kichwani. Darasa zima lilinitazama, na Mwalimu Nathanaeli naye, kalamu mkononi, alikuwa anasubiri kuandika jibu.

"Sijui," nikamjibu. "Nimeiandika tu. Twende tukaitafute."

Viti vikasogezwa, wakainuka wote thelathini. Nilipofika maktaba kwenye rafu za mifugo, Nice alikuwa ameshatangulia, na hakuniuliza aanzie wapi.