Mgonjwa Asiyeumwa

Mume wangu ni muongo. Si wa wanawake wala wa fedha, ni muongo wa maumivu. Aliwahi kujipigilia msumari kidoleni kwenye karakana yake ya useremala, nami nilipomuuliza akajibu, "Kawaida tu." Kwa hiyo daktari alipomkabidhi kitufe cha kusimamisha mashine, nilijua hatakibonyeza.

"Mzee wangu, hatukupasui," daktari alisema. "Mawimbi ya sauti yatakutana mahali pamoja na kuunguza mishipa midogo ya fahamu inayoleta maumivu kwenye mfupa wa nyonga. Saratani haitaondoka, ila utapata usingizi. Sasa, jirani na hapo unapita mshipa mkubwa wa fahamu, ule unaoendesha mguu. Ukisikia moto unashuka mguuni, bonyeza. Ukijikaza, mguu unaweza kupooza."

"Hamna shida, dokta."

Hamna shida, mtu ambaye miezi minane hajalalia upande wa nyonga ile.

Niliketi chumba cha pili, nyuma ya kioo, pembeni ya daktari. Mashine ilimmeza mzima mzima, nje zikabaki nyayo mbili tu. Kila baada ya pigo la mawimbi daktari aliuliza kwenye kipaza sauti, "Vipi, mzee?" Naye alijibu, "Nzuri." Pigo la tano, nzuri. Pigo la tisa, nikaona vidole vya mguu wake wa kulia vimejikunja kama vinashika kitu.

"Vipi, mzee?"

"Nzuri tu."

"Anadanganya," nilisema.

"Mama, yeye ndiye anayesikia."

"Na mimi ndiye ninayeishi naye mwaka wa thelathini na moja huu. Nipe hicho."

Nilikishika kipaza sauti kwa mikono miwili. Nilitaka kumfokea, kama ilivyo kawaida yangu. Nilishindwa.

"Baba watoto, naogopa," nilisema. "Kila ukijibu hivyo naogopa zaidi. Mimi sikuolewa na jiwe. Sema."

Kengele ikalia mezani kwa daktari; alikuwa amebonyeza kitufe.

"Moto," alisema kwa sauti ndogo. "Mpaka kwenye kisigino."

Daktari alibadilika uso. Akasubiri moto utulie, akapima upya, akasogeza shabaha mbali na ule mshipa, ndipo wakaendelea. Walipomaliza alimwambia achezeshe vidole vya mguu. Vilicheza vyote vitano, nami nikalia pale pale bila kujificha.

Tulipomkalisha kitandani, daktari alifungua faili. "Hapa patapoa siku chache zijazo. Sasa niambie kweli, mzee, kuna pengine panauma?"

Mume wangu alinitazama, kama anayeomba ruhusa.

"Mwambie," nilisema.

Akainua mkono akagusa ubavu. Akazunguka mpaka katikati ya mgongo, akapanda begani, akashuka kwenye paja la upande wa pili. Daktari aliandika, akaandika, kisha akaweka kalamu chini. Mimi niliyemwomba aseme ndiye niliyeudaka ule mkono na kuubana kifuani kwangu, usije ukagusa pengine.