Harusi ya Mashineni

Bi Mosi alikataa maji. Alikipokea kikombe kwa mikono miwili kama adabu inavyotaka, akakiweka kando ya mkeka bila kukigusisha mdomoni, akasema amefunga sunna. Dakika chache baadaye, mazungumzo yalipopamba moto, alijisahau akamega kitumbua.

Bi Zuhura, mwenye nyumba, aliona. Alijua watu wa nje wanavyoyaogopa maji ya Mashineni. Kiwanda cha magunia kilikwisha fungwa miaka mingi, mashine zikang'olewa zikauzwa vyuma chakavu, lakini wengi waliamini kwamba dawa za kiwandani zilibaki ardhini. Ukweli ni kwamba maji yale yalitoka kwenye chemchemi huko juu Uluguru, yakateremka kwa bomba hadi mlangoni, ya baridi na matamu.

Hata hivyo, Mashineni haukuwa mji wa kujivunia. Nusu ya kota za wafanyakazi hazikuwa na watu. Madirisha yaling'olewa, mipapai ikaota sebuleni. Vijana walipomaliza shule walikwenda Mtibwa kukata miwa, au Dar kutafuta maisha, na wakiulizwa kwao ni wapi walitaja mahali pengine. Redio moja ya mkoani iliwahi kuwauliza wasikilizaji ni mji gani wasingekubali kuhamia hata wakipewa nyumba ya bure. Mashineni ukashinda, na wa pili ulikuwa mbali sana.

Siku hiyo Bi Mosi alikuwa amekuja kutoka Turiani na Abuu, mtoto wa kaka yake, aliyemlea tangu mama yake alipofariki. Abuu alikuwa fundi wa matrekta, kijana mpole asiye na maneno mengi. Alikuwa amemchumbia Shamimu, binti pekee wa Bi Zuhura, aliyekuwa muuguzi katika zahanati moja hukohuko Turiani. Posa ilikwisha kubaliwa. Kilichobaki ni kupanga siku na mahali pa harusi.

"Siku haina ubishi," alisema Bi Mosi. "Mahali ndipo pa kuzungumza. Sisi tumeona tukodi ukumbi Morogoro mjini. Gharama juu yetu. Ninyi mje tu na bibi harusi."

"Binti huozwa kwao," Bi Zuhura alijibu.

"Naam, dada yangu, lakini wageni wetu tutawaketisha wapi huku? Usinielewe vibaya. Nimepita barabarani nimeona nyumba zile. Mtu atadhani tumekuja msibani."

Mjomba Kibwana alijikohoza. Alikuwa kaka yake Bi Zuhura, ameshuka kutoka Mkuyuni asubuhi na mkungu wa ndizi begani, na kwa Waluguru neno la mjomba katika ndoa ni zito. "Zuhura," alisema, "tusiwe wagumu. Mjini si kubaya."

Na nyuma ya pazia, Shamimu, ambaye hakutakiwa kusema lolote, akasema: "Mama, mjini ni bora."

Hilo ndilo lililomchoma. Bi Zuhura alikunja miguu yake vizuri juu ya mkeka, akamtazama Bi Mosi usoni.

"Mimi nimekuja hapa msichana. Nimefuma magunia ya nchi nzima, korosho za kusini na kahawa za kaskazini zimetembea ndani ya kazi yangu. Mume wangu nimemzika hapa. Huyu binti mnayemtaka, adabu yake mnayoisifu na elimu yake, vyote kavipata hapa. Basi kama mji wangu haufai kuozea, na yeye hafai kuolewa. Mtafute mwingine."

Mjomba Kibwana alitazama dari. Bi Mosi alifungua mdomo, lakini aliyesema alikuwa Abuu.

"Shangazi, nitakuja kuoa Mashineni," alisema. Kisha akamgeukia Bi Zuhura. "Mama, tuambie tu tuje saa ngapi."

Wageni walipoondoka, Shamimu alitoka nyuma ya pazia macho mekundu. "Mama, umeniaibisha. Unataka wenzangu wa zahanati waje waone nini? Magofu?"

"Waje waone ulikozaliwa."

"Na watakaa wapi? Nyumba yetu haitoshi hata watu wa upande mmoja."

"Watakaa kiwandani," alisema Bi Zuhura, akaanza kukusanya vikombe. Wazo lenyewe lilikuwa limemjia wakati huohuo, lakini alilisema kama mtu aliyelipanga tangu mwaka jana.

Kesho yake alikwenda kwa Athanas, mwenyekiti wa kijiji. Zamani Athanas alikuwa mlinzi wa geti la kiwanda, na sasa majengo yalipokuwa yamerudishwa mikononi mwa kijiji, funguo zilirudi tena kwake. Walifungua ukumbi wa ufumaji pamoja. Njiwa waliruka kwa kishindo. Sakafu ilikuwa na tabaka la kinyesi na vumbi, lakini bati lilikuwa zima, kuta zilikuwa zimesimama wima, na upepo wa mlimani uliingia upande mmoja ukatokea mwingine.

"Ukumbi wa mjini hauna upana huu," alisema Bi Zuhura.

"Wala njiwa hawa," alisema Athanas, lakini tayari alikuwa anakunja mikono ya shati.

Habari zilisambaa kwa simu. Waliowahi kufanya kazi kiwandani walikuwa na kundi lao la WhatsApp, ambalo kwa kawaida lilikuwa la kutangaziana misiba tu. Mara hii kulikuwa na furaha ya kutangaza. Mmoja akaahidi turubai, mwingine taa. Wanawake wa mji walikuja na mafagio, ndoo na sabuni ya unga, wakasugua sakafu wakiimba. Shamimu alipofika likizo siku chache kabla ya harusi, aliwakuta wamepiga magoti mstari mmoja, maji yanatiririka mlangoni meusi kama chai ya rangi. Alisimama akawatazama. Wote walikuwa wakubwa kuliko mama yake, na hakuna aliyemwomba msaada. Alivua viatu, akapandisha gauni, akachukua brashi.

Alipokuwa akisugua, brashi ilikwama kwenye chuma. Zilikuwa boliti zilizokatwa sawasawa na sakafu, nne nne, safu baada ya safu, kuanzia mlangoni hadi ukutani.

"Hizi ni za nini?" aliuliza.

"Ni miguu ya mashine," alisema bibi aliyekuwa karibu naye, Mwanahawa, jirani yao. "Walichukua mashine wakaacha miguu."

Siku ya harusi mvua ilinyesha alfajiri, ikaacha. Msafara wa Turiani ulifika ukiwa na matope hadi madirishani. Bi Mosi alishuka na magunia yake ya mchele, maana alisema hajui mchele wa huku ukoje, akamkuta Mjomba Kibwana mlangoni amevaa kanzu mpya na koti. Alipoingia ndani alisimama. Kitambaa cheupe kilining'inizwa kutoka nguzo moja ya chuma hadi nyingine, mikeka imetandikwa ukumbi mzima, na watu walikuwa wengi kuliko aliowaona katika safari yake yote ya kwanza.

"Hawa wote wametoka wapi?" alimwuliza Bi Zuhura.

"Hapa," alijibu Bi Zuhura. "Wengine wanarudi tu."

Sheikh alifungisha ndoa baada ya adhuhuri. Abuu alijibu kwa sauti iliyosikika hadi mwisho wa ukumbi, watu wakashangaa kumbe anayo. Watu wakala pilau. Kisha wanaume wakatoka nje, mikeka ikakunjwa, ngoma zikaingia, na ukumbi ukawa wa wanawake.

Hapo ndipo jambo lilipotokea ambalo hakuna aliyelipanga. Bi Mwanahawa alicheza akisogea, huku anaangalia chini, mpaka akafika mahali fulani karibu na dirisha akatulia. Akakanyaga kwa kisigino. "Mimi nilikuwa hapa!" alipiga kelele. Mwingine akacheka, akaenda akitafuta, akapata boliti zake. Mmoja mmoja walijipanga, kila mwanamke juu ya miguu ya mashine yake, hata ukumbi ukajaa safu zilizonyooka. Palipobaki mapengo walitaja majina ya waliokufa, wakaomba dua fupi, wakaendelea kucheza.

Bi Zuhura alikuwa safu ya kwanza, katikati. Shamimu alimtazama kutoka kwenye kiti cha bibi harusi. Alizoea kumwona mama yake akiuza vitumbua, akivuta maji, akigombana na mbuzi wa jirani. Hapo alimwona mwanamke aliyeshika nafasi yake mbele ya wengine wote, mabega juu, mikono ikienda na kurudi kama yenye kazi. Alinyanyuka na hina yake na dhahabu yake, akaenda kusimama kando ya mama.

"Nisimame wapi?" alinong'ona.

"Hapa. Msaidizi wangu alikuwa anasimama hapa."

Bi Mosi aliwatazama mpaka ngoma ikatulia. Kisha alimvuta Bi Zuhura pembeni, akamshika mkono.

"Nilikosea kuhusu msiba," alisema. "Lakini dada, sherehe itakwisha leo. Watu hawa wataondoka. Njoo Turiani. Chumba kipo, soko lipo karibu, utakaa na watoto."

"Nitakuja kuwatembelea mpaka mnichoke."

"Kwa nini usikae?"

"Kwa sababu huku nikitoka nje asubuhi, mlima uko mbele yangu, na kila mlango ninaoupita najua aliyekuwa ndani. Wanasema si mahali pa kuishi. Mimi ninaishi."

Jioni, magari ya Turiani yalipokuwa yakiwashwa, mama na binti walikumbatiana kwa muda mrefu hadi Abuu akaona haya akageukia upande wa pili.

Ukumbini, Athanas alikuwa anatoa taa. Fransisko, aliyekuwa fundi mitambo wa kiwanda na sasa ni mkazi wa Dar, alimfuata Bi Zuhura aliyekuwa anafagia.

"Ile kota yangu ya zamani," aliuliza, "kuna mtu?"

"Kuna popo."

"Ninastaafu mwezi ujao. Nilikuwa nafikiria kwenda kuangalia paa, kama linafaa."

Bi Zuhura aliegemeza fagio ukutani, akajifuta mikono kwenye khanga.

"Twende tukaangalie choo kwanza," alisema. "Paa linaweza kusubiri."