Fulana Mpya ya Chediel

Dorkas hakuipenda hata kidogo fulana ile mpya. Zile kuukuu alizizoea. Kata nzima ya Mtinko watu wanalimia fulana za vyama vya siasa, si za bure? Sharti la kikundi chao cha wafugaji lilikuwa moja tu: ukija mkutanoni unaigeuza, maandishi yabaki ndani. Kikundi chao hakikuwa chama. Hakikutafuta kiti cha mtu. Kilitaka halmashauri iondoe tope kwenye lambo ng'ombe wapate maji, basi.

Sasa Chediel, msemaji wao, kaja mkutanoni na fulana kaigeuza sawasawa, lakini mikunjo ya kiwandani bado imo. Hee! Na juzi gari la wakubwa wa chama kimoja lilishinda kwake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Fulana umepewa na nani?"

"Na wale wageni. Walitaka nigombee udiwani, nikawakatalia. Hii nitalimia."

"Wakakuachia hivi hivi tu?" Dorkas aliwageukia wenzake. "Jamani, huyu anataka kupandia migongoni mwetu. Leo lambo, kesho kura! Wenzetu wa vyama vingine watatukimbia, na nani atatusikiliza tena?"

Theresia, jirani yake, alijaribu kumtetea kijana: si ndiye aliyewabana watu wa halmashauri mpaka wakakubali kuja kulipima lambo? Dorkas akamkatiza. Alikuwa na hasira, na hofu pia; kiangazi kilichopita ng'ombe wake walinasa kwenye tope lile wakafia palepale, naye akiwatazama. Wanakikundi wakapiga kura kwa kunyoosha mikono. Chediel akavuliwa usemaji, nao ukaenda kwa Dorkas. Kijana aliaga akaenda zake. Dorkas akaona hata huko kuaga ni ujanja.

Wiki haikuisha, gari lile lile likasimama uani kwa Dorkas. Leo nitawajua, akasema moyoni. Akashuka mzee mmoja mwenye kofia ya chama, anacheka.

"Mama, yule Chediel ametutoa jasho! Tumembembeleza sana, anasema kikundi hakina mgombea, akija kwetu kitasambaratika. Tukamwachia fulana, tukaondoka. Sasa tumesikia msemaji ni wewe. Udiwani unauonaje?"

Jibu la kukataa Dorkas alikuwa nalo mdomoni, lile lile la Chediel. Akatazama barabarani, aone kama kuna jirani anayepita; hakukuwa na mtu.

"Msisimame juani," akasema. "Karibuni ndani."