Mkono wa Obzor

Kila asubuhi ya kiangazi Zlatina alifungua mwavuli wake wa njano mbele ya treni ya mizimu ya Obzor, ile inayowazungusha wageni gizani na kuwatisha, akawasha jiko la gesi na kutia mahindi sufuriani kabla wageni hawajamaliza kifungua kinywa hotelini. Mahindi yalikuwa laini, chumvi kila mtu alijitilia mwenyewe. Aliyetaka siagi aliambiwa akaipake kwao.

Mahali pale hapakuhitaji gazeti. Watu waliotoka upande wa pili wa treni, macho bado yamewatoka, walisimama kwake kununua hindi na kubishana. Kampuni ilikuwa na treni tatu kwenye pwani hiyo ya Bahari Nyeusi: moja Kiten, moja Kranevo, na hii ya Obzor. Zote zilitoka kiwanda kimoja na vitisho vyake vilikuwa vilevile: popo wa plastiki, mifupa iliyojilaza kwenye beseni la kuogea, bibi kizee anayeketi ghafla ndani ya jeneza na kupiga chafya. Aliyezipanda zote tatu hakuwa na cha kulinganisha ila rangi ya mapazia. Lakini mwaka huo watu walianza kusema kwamba ya Obzor ndiyo kiboko.

"Kiten nilisinzia," mwanamke mmoja alimwambia mumewe huku akipuliza hindi lake. "Lakini hapa, pale kwenye kona, behewa linapolalia upande wa shimo, kuna mkono unakukandamizia kile chuma cha mapajani. Mkono kabisa! Wa baridi kama samaki."

"Na unanuka grisi," mume akasema.

"Grisi na vitunguu saumu."

Zlatina akawasogezea chumvi. Habari za vitunguu saumu alizijua, maana ni yeye aliyekuwa akivimenya.

Gancho, mumewe, alikuwa fundi wa treni ile. Tangu theluji ilipoyeyuka alikuwa akimwambia meneja Velchev kwamba komeo la behewa jekundu halishiki, kwamba chuma cha mapajani kinafyatuka penye kona na watu watamwagika shimoni. Velchev alimwambia avumilie hadi msimu uishe. Gancho hakuwa mtu wa kuvumilia. Alipanda behewa mwenyewe aone tatizo linaanzia wapi, na komeo likamwonyesha. Wakubwa wa kampuni wakasema fundi alizembea. Behewa jekundu lilipanguswa na kurudishwa relini siku ileile aliyozikwa, komeo likiwa vilevile.

Ilipofika arobaini, Zlatina alifanya kama wafanyavyo watu wote wa huko. Alichemsha ngano, akaitia sukari, akawagawia majirani ili wamrehemu marehemu. Kisha akabandika upya matangazo ya kifo: karatasi yenye picha ya Gancho, jina lake, na maneno machache ya kumkumbuka. Moja aliliweka mlangoni kwao, jingine kwenye nguzo ya kituo cha basi, jingine kwenye mti ulio karibu na duka la mikate. La mwisho alilibandika ukutani penye lango la treni, kwa sababu marehemu hutangazwa pale alipojulikana. Tangazo la namna hiyo halibanduliwi na mtu yeyote. Huachiwa mvua na jua.

Kesho yake mkono ukaanza kazi.

Zlatina alipanda ahakikishe. Kwenye kona chuma kilifyatuka kweli, na kabla hajateleza kikashushwa tena mapajani mwake na mkono wenye kidole cha shahada kisicho na ncha, kile kilichokatwa na msumeno siku za uchumba wao. Aliushika. Ulikuwa ukitetemeka kwa uzito. Behewa lilipotoka nje mkono ukaachia, na Zlatina akarudi kwenye sufuria yake akalia mpaka mahindi yakapondeka.

Mwezi wa Agosti alikuja Radko, kijana wa Plovdiv ambaye kazi yake ilikuwa kupanda treni za mizimu na kuwaambia watu mtandaoni ipi inafaa. Alikuwa ametoka Kranevo, na kabla ya hapo Kiten. Aliipanda ya Obzor asubuhi nzima, kisha akaja kununua hindi.

"Mama, wewe upo hapa kila siku. Huo mkono wanaufanyaje? Hewa? Waya?"

"Ni mume wangu."

"Aa." Radko akatafuna. "Yuko zamu peke yake?"

"Peke yake."

"Na hachoki?"

"Anachoka. Lakini ukimwuliza atakudanganya."

"Bibi kizee wa Kranevo anapiga chafya vizuri zaidi," Radko alisema, kwani alikuwa mtu wa haki. "Ila mkono ni mkono. Mpe hongera zangu."

"Badala ya hongera, waambie watu wako kwamba komeo ni bovu."

"Mama yangu, mimi nalinganisha vitisho tu. Makomeo siyajui."

Akaipa Obzor nafasi ya kwanza. Foleni ikarefuka hadi kwa wauza kofia, na wauza kofia wakalalamika.

Zlatina akamwendea Velchev ofisini. Velchev ndiye aliyesimamia harusi yao, kwa hiyo hakupiga hodi.

"Shemeji! Karibu. Kahawa?"

"Tengeneza komeo, Velchev."

"Jamani, shemeji. Komeo likishika, Gancho atabaki kufanya nini pale?"

"Atapumzika. Atakwenda wanakokwenda wenzake."

"Mbona hajaomba kuondoka? Kila asubuhi nikifungua namsalimia, na haniambii kitu."

"Alikuomba tangu theluji ilipoyeyuka!"

Velchev akakoroga kahawa yake. Hakuwa mtu katili. Alikuwa mtu aliyeiona foleni kupitia dirisha lake. "Wakubwa wamefurahi mno," akasema. "Wameagiza hata lile tangazo lako lisiguswe. Wageni wanapiga picha nalo, wanadhani ni pambo."

"Ni mume wangu."

"Mimi najua, shemeji. Wao ndio hawajui."

Baada ya hapo kampuni ilichapisha nakala za tangazo la Gancho na kuzibandika kwenye malango ya Kiten na Kranevo. Wenyeji wa huko, ambao wanalijua tangazo la kifo hata kwa mbali, walijifanyia ishara ya msalaba na kununua tiketi. Na Gancho, ambaye tangazo lilikuwa likimwita kwenye treni moja, sasa akawa anaitwa kwenye tatu.

Zlatina alizipata habari kwa wateja wake, kama kawaida. "Siku hizi zote sawa tu," mmoja alisema. "Hata Kranevo mkono upo." Mwingine, mwanamume mwenye tumbo kubwa, alikuwa amekasirika. "Hapa pameharibika," akasema. "Mkono unachelewa! Nilishanyanyuka nusu, ndipo ukaja unahema."

Zlatina hakujua mkono unahemaje, lakini aliamini. Akilini alimwona Gancho akikimbia pwani yote kutwa kucha, yeye ambaye hata kupanda ngazi za kwao alikuwa akipumzika katikati. Siku hiyo alimchukia Velchev kwa moyo wake wote. Akafunga mwavuli, akatia kisu mkobani, akapanda basi la Kiten. Kubandua tangazo la marehemu ni jambo ambalo hata mlevi wa huko hafanyi, lakini alishaamua kwamba atambandua mumewe kwa mkono wake mwenyewe, na Mungu amhesabie vyovyote atakavyo.

Alimkuta Gancho ukutani, amefubaa kidogo kwa jua, ncha moja ya karatasi imeachia. Akaingiza kisu chini yake. Pembeni fundi wa pale alikuwa akipakia watu kwenye mabehewa. Mama mmoja aliketi na watoto wake wawili wenye mchanga miguuni, na fundi akawawekea chuma mapajani bila kukifunga.

"Makomeo yako wapi?" Zlatina akauliza.

"Yametolewa, dada. Yote. Wakubwa wamesema mkono unatosha."

"Na Kranevo?"

"Hata Kranevo."

Treni ikaondoka. Zlatina alisimama na kisu kikiwa kimeingia nusu chini ya uso wa mumewe, akisikiliza. Alisikia popo, akasikia chafya, kisha pale penye kona akasikia watoto wakipiga kelele. Behewa likatokea upande wa pili. Walikuwa wote watatu, wanacheka, na mdogo alikuwa akijipangusa grisi gotini.

Zlatina alichomoa kisu. Akaenda dukani kununua gundi, akarudi, akaibandika ile ncha iliyoachia na kuilainisha kwa kiganja mpaka ikashika. Kisha akapanda basi la Kranevo, akafanya hivyohivyo huko.

Aliporejea Obzor siku iliyofuata alichagua hindi lililoiva vizuri, akalitia chumvi yeye mwenyewe, akapanda behewa jekundu. Kwenye kona chuma kilifyatuka. Mkono ulichelewa, lakini ulikuja, umejaa malengelenge. Zlatina akaupa hindi.

"Kula kwanza," akamwambia. "Hiki nakishika mimi."

Akakishika chuma kwa mikono miwili, miguu ameikaza, behewa zima likilalia shimoni. Nyuma yake mtu alikuwa akitafuna kwa haraka, kama alivyotafuna sikuzote akiwa kazini. Walitoka nje, na kigunzi kilikuwa kimewekwa kitini kando yake, kisafi.

Velchev alikuwa amesimama penye lango. Aliitazama mikono ya Zlatina iliyochubuka.

"Wewe ndiye uliyekishika chuma, shemeji?"

"Alikuwa anakula."

Velchev akafikiri. Alifikiri kwa upole, kama mtu anayepanga zamu za wafanyakazi wake, kisha akamwuliza kama ana picha yake mwenyewe nzuri, ya karibuni.

Zlatina alilitazama tangazo la Gancho ukutani, akaelewa kwa nini anaulizwa. Aligeuka kulitazama behewa jekundu, lililokuwa limeshapakia watu wengine na linaanza kuondoka.

"Ninayo," akasema, akaenda kuwasha jiko.