Asilimia Kumi na Nane

Hila yenyewe niliiandika mimi, Yen Po-hsiang, kwa vidole hivi hivi, na simsingizii mtu. Lakini aliyeiagiza ni Mkurugenzi Hung, na yeye hadi leo anakalia kiti kile kile.

Saketi ilikuwa ya Tseng Hsiu-man, mwanamke wa miaka arobaini na sita aliyekaa dawati la pili kutoka langu, katika kampuni yetu ndogo hapa Hsinchu. Miaka yote kazi yake ilikuwa moja: kupunguza umeme unaoliwa na saketi zinazosukuma picha kwenye kioo. Mistari ya kioo hujazwa chaji chanya, kisha hasi, kisha chanya tena, mara sitini kwa sekunde, la sivyo kioo huharibika. Zamani chaji ya mstari mmoja ilimwagwa bure huku mstari wa jirani ukijazwa upya kutoka kwenye betri. Hsiu-man alisema ni sawa na kumwaga ndoo ya maji mlangoni wakati jirani yako anahangaika kuchota kisimani. Akabuni njia ya kuiunganisha mistari hiyo kwa kitambo kidogo, igawane chaji iliyopo, betri imalizie tu pengo. Ilimchukua miaka miwili. Mwishowe kioo chetu kikala umeme pungufu kwa asilimia kumi na nane, wastani wa picha mia tatu za kila namna. Siku hiyo alitununulia sote supu ya vitonge vya nyama, na hakuwa mtu wa kununulia watu vitu.

Hung hakunywa ile supu. Alikuwa ameshamwahidi mteja asilimia arobaini.

Mteja alikuwa karakana inayotengeneza mashine za kubeba za kuangalia mapigo ya moyo, zile ambazo manesi hupanda nazo hadi vijiji vya milimani, huko Jianshi. Hung akaniita ofisini kwake, akafunga mlango. Alitaka saketi iitambue picha ya majaribio, ile ya miraba myeusi na myeupe ambayo kila mtu hupimia, na ikishaitambua, nusu ya saketi zilale. Picha ile haisogei, kwa hiyo jicho halitaona kitu. Nilimwuliza itakuwaje kwa picha nyingine. Akasema hakuna anayepima kwa picha nyingine. Nikaenda nikaiandika hila hiyo kwenye programu ya saketi. Ilinichukua siku mbili, na nilijiambia kwamba amri ni amri.

Karatasi ya vipimo ilipofika kwa Hsiu-man atie sahihi, ilisomeka asilimia arobaini na moja. Aliitazama muda mrefu. Akaenda maabara, akaweka kwenye kioo picha ya matunda ya persimoni yaliyoanikwa uani kwa baba yake, huko Xinpu, akasoma mita ya umeme. Kumi na nane. Akarudisha miraba. Arobaini na moja. Akarudia mara nne, kisha akaja akasimama mbele ya dawati langu.

"Po-hsiang, mdogo wangu, nani kaichezea saketi yangu?"

Nilishindwa kumtazama. Alipita moja kwa moja hadi kwa Hung, na mlango aliuacha wazi, kwa hiyo sote tulisikia.

"Sikiliza, mama," Hung alisema, "kila kampuni inafanya hivi. Wewe ni fundi, biashara tuachie sisi."

"Mteja amepunguza betri kwa sababu ya namba hii. Kioo kikizima njiani, nesi ataangalia nini? Ukuta?"

"Tia sahihi tu."

"Sahihi yangu haiko kwa ajili ya uongo wako."

Kesho yake alihamishiwa stoo ya vifaa vya zamani, akahesabu nyaya. Mwanamke aliyetoa miaka miwili ya maisha yake kuokoa umeme kidogo kidogo, wamemweka kuhesabu nyaya! Na mimi nilikula chakula changu cha mchana kama kawaida.

Wiki iliyofuata mteja alikuja kukagua. Walimleta Bi Pitay, Mwatayali, mtu wa kabila la wenyeji wa milimani, aliyekuwa nesi miaka ishirini kabla ya kuajiriwa kuwachagulia vifaa. Mita niliendesha mimi. Miraba ikawaka, arobaini na moja ikatokea, Hung akatabasamu. Ndipo Hsiu-man akaingia na koti lake la stoo, hakuna aliyemwita. Akamsalimu mgeni kwa adabu, akamwomba picha yoyote iliyo kwenye simu yake.

Bi Pitay akatoa picha ya mjukuu wake. Nikaiweka. Kumi na nane.

Hung akasema ni hitilafu ya mita. Akanigeukia nimuunge mkono, na kwa jinsi alivyonigeukia, bila shaka hata chembe kwamba nitasema uongo, nikahisi uso unaniwaka.

"Mita ni nzima," nikasema. "Hila niliiandika mimi. Aliniagiza mkurugenzi."

Bi Pitay hakupandisha sauti. Alisema tu kwamba aliwahi kushuka mlima na mgonjwa, mashine imezima, akihesabu mapigo kwa kushika mkono wa mgonjwa huyo gizani kwenye gari muda wote, na hana hamu ya kumrithisha nesi mwingine safari hiyo. Akachukua mkoba wake, akaondoka.

Hsiu-man alifukuzwa kazi jioni ile ile, eti amefichua siri za kampuni. Mimi nilipewa barua ya onyo. Hung hakupewa chochote.

Miezi mitano baadaye karakana ile ya mteja iliandika barua. Walikuwa wametafuta kwingine kote wasipate kioo kinachokula umeme mdogo kuliko chetu, hata kwa ile kumi na nane. Wangeweka betri kubwa zaidi na kukinunua, ila vipimo vyote avitie sahihi Tseng Hsiu-man. Wenye kampuni wakampigia simu. Alirudi kwa masharti mawili: hila ifutwe mbele yake, na Hung amwombe radhi mbele yetu sote.

Hila niliifuta mimi, yeye akiwa amesimama nyuma ya kiti changu. Hung aliomba radhi akiangalia meza, kwa maneno machache kama mtu anayesoma bei. Kisha akarudi ofisini kwake, akaagiza chai.

"Umeridhika, dada?" nilimwuliza.

"Hapana," alisema. "Niletee hizo picha mia tatu, tuanze kupima."