Fidla Nyuma ya Ukuta

Tangu Murad aanze kwenda Riyadh bila ya kumwambia, Hamdun alikosa amani. Miaka thelathini na mbili walipiga taarabu pamoja kwenye harusi za Waunguja wa Jeddah: Murad na udi, Hamdun na fidla, na Wahida, mke wa Murad, akiimba. Sasa kila akibisha hodi kwao, mtaa wa Hindawiyah, muziki hukatika ghafla. Hata fidla yake ya akiba, aliyoitundika kwao, haikuwapo tena msumarini.

"Safari hii pumzika, Sheikh Hamdun," Murad alimwambia. "Harusi ya Riyadh ni ndogo."

Ndogo, na ukumbi uko Olaya, mtaa wa matajiri! Hamdun alikitazama kidole chake cha mwisho, kilichokufa ganzi tangu avunjike mkono. Wamepata mpigaji mwingine. Akapanda basi kituo cha Kandara, akashuka Riyadh kesho yake.

Alimkuta Murad ukumbini, upande wa wanaume, anakunywa kahawa, udi hana.

"Hupigi?"

Fidla ilipenya ukutani kutoka upande wa wanawake, ikipiga wimbo wa kumtoa bibi harusi. Ilipofika kwenye ile sauti ya juu ambayo Hamdun huiruka kwa ajili ya kidole, nayo ikairuka.

"Mwizi! Nani huyo?"

"Risper."

"Huyu Mkenya anayepiga deki kwenu?"

"Ndiye. Wenye harusi ni watu wa huku, hawataki mwanamume hata nyuma ya pazia. Babu yake alipiga orutu, fidla ya waya mmoja, kwao, mkono anao. Wahida kamfundisha kwa kanda zako."

"Na mimi mkanifungia mlango."

"Ungekubali?"

Hamdun akaagiza Risper aitwe.

Wimbo ulipokwisha, msichana alitokea mlango wa nyuma, fidla kifuani. "Shikamoo mzee. Nimekosea wapi?"

"Ile sauti ya juu, mbona unairuka?"

"Si ndivyo wewe hupiga? Nilidhani hapo ndio kuna utamu."

Angenyamaza, wimbo ungebaki na alama yake hata akifa. Hamdun akainua mkono. "Utamu gani? Ni kidole kibovu hiki. Ipige."

Risper akarudi ndani. Hamdun akamgeukia Murad.

"Jumamosi mazoezi, mlango wazi. Nitamfundisha mwenyewe."

"Naam, mwalimu."

Hamdun akamkazia macho, aone kama anacheka. Kisha akasogeza kiti chake karibu na ukuta.